Kampi ya Simba: Historia ya Kora na wafanyakazi waliosahauliwa

KAMPI ya Simba ni jina la kambi iliyokuwa makao ya George Adamson na simba aliowalea katika nyika ya Kora, kusini mwa Mto Tana, kuanzia mwaka wa 1970 hadi alipouawa mnamo 1989.

Mahali penyewe pamo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Kora, katika Kaunti ya Tana River, yapata kilomita 125 mashariki mwa Mlima Kenya. Ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, ni Kaunti ya Garissa na Hifadhi ya Rahole.

Kambi hiyo haikuwa bustani ya wanyama kwa maana iliyozoeleka. Hapakuwa na lango la kukatia tiketi wala njia za mawe za watalii kupita wakitazama. Hata hivyo palikuwa na vizimba, palikuwa na walezi, palikuwa na nyama ya kugawa kila mara, na wageni walitoka mbali kuja kuwaona simba.

Tofauti kubwa ilikuwa katika kusudi. Bustani humpokea mnyama ili akae humo maisha yake yote. Kampi ya Simba ilimpokea mnyama aliyezaliwa kifungoni, au aliyefiwa na mamaye, ili siku moja aondoke na asirudi.

Habari za kambi hiyo zimeandikwa vitabuni na kuonyeshwa katika sinema, na jina la Adamson linajulikana katika mabara yote. Ambao hawajulikani ni wapishi, wafuata nyayo, madereva na vibarua walioiendesha kambi siku baada ya siku. Watatu kati yao, kwa uchache, walipoteza maisha wakiwa kazini.

BWANA NYAMA WA KASKAZINI

George Adamson alizaliwa mwaka wa 1906 nchini India na kuja Kenya mnamo 1924. Alijaribu kazi nyingi kabla ya kuajiriwa na Idara ya Wanyamapori ya serikali ya kikoloni mwaka wa 1938.

Alipewa kusimamia eneo lililoitwa wakati huo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Lilikuwa eneo pana mno. Lilijumuisha Garissa, Wajir, Mandera, Moyale na Marsabit, hata sehemu za mbali kama Banissa, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako safari ilipimwa kwa visima na wala si kwa maili.

Katika enzi hizo afisa wa aina yake aliitwa na wenyeji bwana nyama. Jina hilo lilimkaa Adamson hata akalitumia nusu yake katika anwani ya kitabu chake cha mwaka wa 1968, Bwana Game. Baadaye, alipozeeka Kora, aliitwa Baba ya Simba.

Ni katika mji wa Garissa, wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1942, alipokutana na mchoraji aliyezaliwa katika himaya ya Austria, ambaye baadaye alijulikana kama Joy Adamson. Walioana mnamo 1944.

Kazi ya bwana nyama haikufanywa na mtu mmoja. Safari ya ngamia ilihitaji watu wa kuwafunga na kuwafungua wanyama hao, wa kutafuta maji, wa kusoma nyayo mchangani na wa kujua ni ukoo upi ulilisha mifugo wapi na mwezi gani. Askari wa wanyamapori walioandamana na Adamson walitoka katika jamii za huko huko kaskazini, na elimu yao ndiyo iliyomwezesha mgeni kuishi nyikani humo.

DADA WATATU WA MWAKA WA 1956

Mwezi Februari 1956, Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Aliwachukua na kuwapeleka nyumbani Isiolo.

Kazi ya kuwachunga mchana kutwa ilipewa mtu aliyeitwa Nuru. Naye Makedde, askari wa wanyamapori aliyekuwa Mturkana, alikuwa miongoni mwa walioandamana nao porini akiwa na bunduki. Majina hayo mawili yamo katika kitabu cha Joy, Born Free, kilichochapishwa mwaka wa 1960 na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Kati ya watoto hao, mdogo kabisa alibaki Kenya na kuitwa Elsa. Dada zake wawili walisafirishwa hadi Uholanzi, kwenye bustani ya wanyama ya Blijdorp katika mji wa Rotterdam.

Safari ya dada hao wawili yafaa kuangaliwa kwa makini. Bustani ya zamani ya Rotterdam iliharibiwa katika mashambulizi ya mabomu ya Mei 1940. Ile mpya, iliyobuniwa na msanifu Sybold van Ravesteyn, ilifunguliwa Desemba mwaka huo huo. Majengo yake ya saruji na vioo yamehifadhiwa kama turathi ya taifa la Uholanzi, na mgeni wa leo aweza kuyaona na kusoma habari zake.

Elsa hakupata jengo. Alifunzwa kuwinda, akaachiliwa porini, akazaa watoto watatu na simba wa mwituni. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa Meru.

Kwa hiyo dada wawili waliacha nyuma yao kuta zinazolindwa kwa sheria, ilhali wa tatu aliacha wazo tu: kwamba simba aliyelelewa na mtu aweza kurudi msituni. Wazo hilo ndilo lililoijenga Kampi ya Simba.

SENYENGE, NYASI NA UDONGO

Filamu ya Born Free ilionyeshwa mwaka wa 1966. Baada ya kupigwa picha, baadhi ya simba waliotumiwa walikabidhiwa kwa Adamson ili awarudishe porini huko Meru. Mmoja wao aliitwa Boy. Mnamo 1969 Boy alimjeruhi mtoto wa afisa wa hifadhi, na mradi huo ukasimamishwa.

Adamson alihitaji mahali pasipo na watu wengi wala watalii. Kora palikuwa hivyo: miiba, miamba mikubwa myekundu, joto kali, mbung'o, na mto mmoja tu usiokauka.

Ndugu yake, Terence, ndiye aliyesimamia ujenzi. Alikuwa mtu wa barabara na majengo, na alidai kuwa aweza kutambua maji yaliyo chini ya ardhi kwa kijiti. Pamoja na vibarua wake alifyeka vichaka, akakata njia za gari kuelekea mtoni na kusafisha uwanja mdogo wa ndege.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vichache vya kuezekwa kwa majani, vilivyozungushiwa ua mrefu wa senyenge. Kando yake palikuwa na ua mwingine wa simba wachanga. Kiti cha choo kilikuwa mfupa wa taya la tembo.

Wageni waliofika mara ya kwanza walishangazwa na jambo moja: waliofungiwa ndani ya senyenge usiku walikuwa watu, na waliotembea nje kwa uhuru walikuwa simba.

Hakuna kilichojengwa hapo kwa nia ya kudumu karne nzima. Nyasi huoza, mchwa hula nguzo, na senyenge hupata kutu. Kambi ilisimama kwa sababu kila mwaka palikuwa na mikono ya kuikarabati.

KAZI ZA KILA SIKU

Siku ya Kora ilianza kabla ya jua kuchomoza. Mfuata nyayo alitangulia kuzunguka ua ili kusoma mchangani ni simba yupi aliyepita usiku, alikuwa peke yake au na wenzake, na alielekea wapi. Taarifa hiyo ndiyo iliyoamua gari lingekwenda upande gani.

Simba aliyeanza kujitegemea aliweza kupotea kwa majuma kadhaa. Kumtafuta kulihitaji kutembea kwa saa nyingi katika jua, pasipo hakika kwamba yule atakayeonekana nyuma ya kichaka atakuwa simba anayewafahamu watu.

Jikoni alikuwapo Hamisi, mpishi ambaye wageni wengi walimtaja katika maandishi yao. Kupika Kora hakukuwa kazi ndogo. Maji yaliletwa kwa gari kutoka Mto Tana, vyakula vilitoka mbali, na idadi ya wageni haikujulikana mpaka ndege iliposikika.

Wengine walikata kuni, walichinja na kugawa nyama ya simba, waliziba pancha, waliunganisha senyenge zilizokatika. Baadhi ya wafanyakazi walitoka Asako, kijiji kilicho kando ya mto upande wa mashariki. Kwa familia za huko, mshahara wa kambini ulikuwa miongoni mwa nafasi chache za kupata fedha taslimu.

Mwaka wa 1971 alifika kijana Mwingereza, Tony Fitzjohn, akawa msaidizi wa Adamson kwa miaka mingi. Mnamo 1975 alishambuliwa na simba nusura auawe. Baadaye alihamia Mkomazi, nchini Tanzania, na kuongoza kazi ya kuifufua hifadhi hiyo. Alifariki Mei 2022.

STANLEY MURITHII NA BOY

Tarehe 6 Juni 1971 ndiyo siku ambayo bei ya wazo la Kora ilijulikana waziwazi.

Boy alikuwa ameletwa Kora baada ya kutibiwa Naivasha, ambako madaktari wa mifugo walimtia chuma katika mfupa wa mguu uliovunjika. Stanley Murithii, mfanyakazi wa Adamson, alikuwa nje ya ua siku hiyo. Boy alimrukia na kumng'ata.

Adamson aliposikia kelele alitoka mbio na kumfukuza simba. Stanley alifariki muda mfupi baadaye kwa kutokwa na damu nyingi. Siku hiyo hiyo Adamson alimpiga Boy risasi.

Msomaji wa vitabu vya Kora huelezwa mengi kuhusu Boy: kwamba aliwahi kuwa mnyama wa heshima wa kikosi cha jeshi la Uingereza, kwamba aliigiza katika filamu, jinsi alivyotibiwa na jinsi alivyozikwa. Kuhusu Stanley huelezwa machache sana, na mengi ya hayo ni ya dakika zake za mwisho.

Tofauti hiyo haikutokana na uovu wa mwandishi mmoja. Ilitokana na desturi ya enzi ile, ambapo mwajiri aliandika na mwajiriwa hakuulizwa. Matokeo yake ni kwamba simba wana wasifu kamili, na walezi wao wana majina ya kwanza tu.

SIMBA ALIYETOKA LONDON

Simba aliyeipa Kora sifa kubwa zaidi aliitwa Christian. Alizaliwa Agosti 1969 katika bustani ndogo ya wanyama huko Ilfracombe, Uingereza, kisha akauzwa katika duka kubwa la Harrods mjini London. Vijana wawili kutoka Australia, John Rendall na Anthony Bourke, walimnunua na kumfuga katika duka la samani.

Alipokua, waigizaji wa Born Free, Bill Travers na Virginia McKenna, waliwaunganisha vijana hao na Adamson. Christian aliwasili Kenya mwezi Agosti 1970 na kupelekwa Kora.

Mwaka uliofuata Rendall na Bourke walikuja kumtembelea. Picha za simba huyo akiteremka kwenye miamba na kuwakumbatia zilipigwa siku hizo, lakini zilienea ulimwenguni mwaka wa 2008 kupitia intaneti, na kutazamwa na mamilioni ya watu. Wakati huo Christian alikuwa hajaonekana Kora kwa takriban miaka 35.

Walioitazama filamu hiyo fupi waliona furaha ya kukutana tena. Hawakuona kwamba mwaka ule ule, katika kambi ile ile, mtu alikuwa amepoteza maisha akimtumikia simba.

JUMAPILI YA AGOSTI 20, 1989

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, lakini majangili wenye bunduki za kisasa waliwamaliza faru na tembo katika eneo kubwa la kaskazini na mashariki. Kufikia mwaka wa 1989 Kenya ilikadiriwa kubakiwa na tembo 16,000 hivi, ilhali katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 100,000. Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi.

Ukame nao uliwasukuma wafugaji na mifugo yao hadi Kora. Kwa mfugaji, simba aliyezoea binadamu hakuwa muujiza bali hatari kwa ngamia wake. Ugomvi wa malisho, ujangili na ujambazi vilichanganyika, na kambi ikabaki katikati. Terence alifariki mwaka wa 1986, na Adamson akashauriwa mara nyingi ahame. Alikataa.

Jumapili, Agosti 20, 1989, ndege iliyobeba wageni ilitua kwenye uwanja wa Kora. Mfanyakazi mmoja alitumwa na gari kuwapokea, akifuatana na mgeni mwanamke kutoka Ujerumani. Njiani walivamiwa na majambazi wenye bunduki, na mfanyakazi huyo akajeruhiwa vibaya.

Milio ya risasi ilisikika kambini. Adamson, aliyekuwa na umri wa miaka 83, alichukua bastola, akaingia katika gari lake pamoja na wafanyakazi kadhaa na kuelekea kulikosikika milio. Alipoliendesha gari kuwaelekea majambazi, walimpiga risasi na kumwua.

Wafanyakazi wawili waliuawa pamoja naye: Mohamed Maro na Ongesa Dikayo. Mgeni yule alinusurika.

Magazeti ya ulimwengu yalimwombolezea Adamson kwa kurasa nzima. Maro na Dikayo walitajwa kwa mstari mmoja, na mara nyingine kwa idadi tu: wasaidizi wawili. Ilhali nao waliingia katika gari lile wakijua kilichokuwa mbele.

Adamson alizikwa Kora, karibu na kaburi la nduguye Terence na pale alipozikwa Boy. Simba watatu wachanga waliokuwa chini ya ulezi wake walichukuliwa na mhifadhi Gareth Patterson na kupelekwa Tuli, nchini Botswana.

BAADA YA ADAMSON

Kora ilikuwa imetangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1973. Baada ya mauaji hayo ilipandishwa hadhi na kuwa mbuga ya kitaifa mnamo 1990, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoanza kazi mwaka huo huo. Ukubwa wake ni kilomita mraba zipatazo 1,787. Filamu ya mwaka wa 1999, To Walk with Lions, ilisimulia miaka ya mwisho ya kambi hiyo.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu thamani ya kazi ya Adamson. Wapo wanaosema kwamba simba aliyelelewa na watu hapotezi kabisa mazoea yake, na kwamba ni afadhali fedha zitumike kuilinda ardhi na wanyama wa mwituni walioko. Wengine hujibu kwamba bila simba wa Kora, nyika hiyo isingalitangazwa mbuga kamwe. Hoja zote mbili zina uzito, na kifo cha Stanley Murithii ni sehemu ya hesabu hiyo.

Katika eneo la Kaskazini Mashariki lenyewe, uhifadhi umechukua njia nyingine. Huko Ishaqbini, katika Kaunti ya Garissa, jamii ilianzisha hifadhi yake ili kumlinda hirola, swara ambaye idadi yake ulimwenguni haifiki 500 kwa makadirio mengi. Mwaka wa 2012 hirola 48 waliingizwa katika eneo lililozungushiwa ua wa kuwazuia simba na fisi. Karibu na mji wa Garissa, wenyeji wa Bour-Algi wanawatunza twiga wanaochangamana na mifugo yao.

Katika miradi hiyo mlinzi wa mnyama ni mwenye ardhi, si mtumishi wa mgeni. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati yake na Kampi ya Simba.

Iko pia Mbuga ya Kitaifa ya Malkamari, katika eneo la Banissa, Kaunti ya Mandera, kando ya Mto Daua unaopakana na Ethiopia. Ilitangazwa mwaka wa 1989, mwaka ule ule aliouawa Adamson. Haikupata simba wa sinema wala mwandishi mashuhuri, na Wakenya wengi hawajawahi kuisikia. Wanaoijua ni wafugaji wa Banissa na maafisa waliowahi kupangiwa kazi huko.

KUHIFADHI KUMBUKUMBU

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inaruhusu mahali penye umuhimu wa kihistoria kutangazwa kuwa turathi na kulindwa. Makaburi ya Kora na mabaki ya kambi yana sifa ya kufikiriwa.

Lakini kwa mahali kama Kora, kulinda nguzo na senyenge hakutoshi. Vibanda vya majani vyaweza kujengwa upya kwa juma moja na fundi yeyote. Kisichoweza kujengwa upya ni ujuzi wa mtu aliyesoma nyayo za simba alfajiri kwa miaka 15, au kumbukumbu ya mjane aliyeletewa habari mwezi Agosti 1989.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 kambi ilipofunguliwa mwaka wa 1970 amekwisha kupita umri wa miaka 70. Wazee wa kaskazini husema historia na nasaba zao kwa mdomo, na mtu mmoja akifariki bila kuulizwa, huenda na sehemu isiyo na nakala.

Kazi inayohitajika haina gharama kubwa. Ni kuketi na waliobaki Asako, Garissa, Isiolo na Meru, kuandika majina yao kamili, kazi walizofanya, miaka waliyofanya na walichokiona. Wanafunzi wa historia katika vyuo vikuu, maktaba za kaunti na Makavazi ya Kitaifa wana uwezo wa kuifanya. Vivyo hivyo yafaa kufanywa Banissa kuhusu Malkamari, kabla ya mbuga hiyo kubaki mstari katika ramani.

Kazi hiyo ikifanyika, kibao cha Kora kitaweza kubeba majina ya Stanley Murithii, Mohamed Maro na Ongesa Dikayo kando ya jina la Adamson, na chini yake majina ya wale walioteka maji, waliopika na waliofuata nyayo.